Siku Runinga Ilipomsemesha Mama Mkwe

Nichekeni tu, kwa sababu hata leo nikipita mbele ya ile runinga yetu naona haya.

Mama mkwe alikuwa anakuja Kitale kutoka Kanduyi, mara ya kwanza tangu nimwoe Nekesa (hakuifurahia ndoa yetu, alitaka binti yake aolewe karibu na nyumbani), na kwao mkwe mwanaume haketi sebule moja na mama mkwe wala hamsemeshi, maneno hupitia kwa mtu. Basi nikasema, kama sitakaa naye, angalau aone picha za mtoto wetu kwenye runinga. Simu ikakataa kuiona runinga! Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikakuta multicast imezimwa, nikasoma mpaka nikaelewa: simu huita mara moja tu, na kila kifaa kinachosikiliza wito ule huitika, ila ruta yangu ilikuwa inaumeza wito njiani. Nikaiwasha, runinga ikaitika papo hapo, nikajiona fundi (fundi gani, masikini mimi).

Mama alipofika picha zilikuwa zinapita sebuleni, nami nimekimbilia chumbani na simu, nikasahau kuitenganisha na runinga. Nilikuwa nimejirekodi maneno ambayo Nekesa angemfikishia mamake kwa adabu, nikataka kujisikiliza kwanza. Simu kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza hadi mwisho, ndipo nikasikia sebuleni mwanaume analia kwa sauti ya kutikisa vikombe kabatini:

"Mama, mimi nakuogopa, hata siku ya posa nilijificha chooni. Lakini huyu mtoto tumemwita Naliaka, jina lako. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, lakini nilimwomba mama yangu mwenyewe tulitumie lako, akakubali. Usimkatae kwa sababu yangu."

Mwanaume huyo alikuwa mimi. Jina tulikuwa tumelificha miezi yote tangu mtoto azaliwe ili Nekesa alitamke polepole, siku hiyo, mama akiwa ameshiba.

Nikakaa kitandani, nimefunika uso na mto. Nilidhani mama mkwe anatafuta mkoba wake aondoke.

Halafu nikamsikia, akiongea na binti yake lakini kwa sauti ya kunifikia kabisa: "Nekesa, si umwambie huyo mkwe wangu nimesikia. Na hiyo TV yake aizime, bana. Naliaka amenilalia hapa, ataamka."

Nililia tena, safari hii bila kurekodi. Multicast sijaizima, lakini siku hizi kabla sijabonyeza chochote naangalia kwanza nani anasikiliza.