Makaburi ya Kichakani na Panga la Bibi Atija

Harufu ya majani yaliyotoka kufyekwa hunisimamisha popote nilipo. Juzi tu, hapa Rahaleo ninakoishi, vijana walikuwa wanasafisha kiwanja cha jirani, nami nikabaki nimesimama na ndoo mkononi mpaka binti yangu akaniuliza kama nimesahau kitu. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa na miaka tisa tena, kijijini kwetu karibu na Msimbati, nimejibanza nyuma ya mkorosho nikimtazama Bibi Atija akiingia mahali ambapo hakuna aliyethubutu kuingia.

Kilikuwa kichaka kati ya nyumba zetu na kisima. Ndani yake mlikuwa na makaburi yaliyozungushiwa mawe ya matumbawe, na hakuna aliyejua ni ya nani. Mzee mmoja alisema ni ya watu waliozama baharini enzi za babu zake. Mwingine alisema ni ya wakimbizi waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya kumtoa Mreno Msumbiji, wakafika hoi, wakazikwa harakaharaka na watu ambao nao walihama. Walichokubaliana wote ni kwamba mchana wa jua kali mtoto husikika akilia humo, na kwamba atakayekata hata kijiti atapinda mdomo. Basi tulikizunguka kila siku, ndoo kichwani, tukiongeza mwendo wa nusu saa kwa kuwaogopa watu tusiowajua hata majina.

Bibi Atija hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu, Mmakua, aliyevushwa mto ule akiwa mdogo, mgongoni kwa mtu asiyemkumbuka. Mama yake na mdogo wake walikuwa wavuke kwa mtumbwi wa pili. Hakuwaona tena. Kwa miaka mingi alikizunguka kichaka kama sisi, mpaka siku moja akatangaza kisimani kwamba kesho yake angekifyeka. Balozi wa nyumba kumi akamfuata hadi kwake.

"Atija, likitokea la kutokea, litakuwa juu yako."

"Na liwe," akasema, akiendelea kunoa panga.

Mama alinikataza nisisogee huko. Ndiyo maana nilisogea.

"Toka huko nyuma, mwanaka," Bibi aliniita. Hilo ni mwanangu kwa lugha yao. "Kama umekuja kutazama, beba matawi."

Nikabeba. Mkono ulikuwa bado haujazoea miiba pale kenge alipochomoka miguuni pangu. Nilipiga yowe, nikakimbia, nikaacha kandambili moja. Jioni hiyo habari ilienea kijiji kizima kwamba mtoto wa makaburini amelia tena.

Siku ya pili tulihesabu makaburi kumi na moja, mawili yakiwa mafupi. Bibi aliyapangusa mawe kwa kiganja, moja baada ya jingine, akitafuta alama yoyote. Hayakuwa na kitu.

"Ni mama yako na mdogo wako, Bibi?"

"Sijui," akasema. Akalishika tena panga.

Siku ya tatu nikaamka nina homa kali. Nyumba ikajaa wanawake, na kila mmoja alikuwa amekwisha kusema ni makaburi. Mama akamzuia Bibi Atija mlangoni, akamtupia maneno ambayo sitayaandika hapa. Bibi alikuwa amekuja na baiskeli ya kuazima.

"Nitukane tukiwa njiani," alimwambia. "Mtoto anaungua."

Wakanisukuma wote wawili mpaka zahanati, mmoja akishika usukani, mwingine akinishikilia mgongo. Nikapimwa, ikaonekana ni malaria. Nilimeza vidonge vichungu, na baada ya wiki nilikuwa nadai uji. Bibi alikuwa amerudi kichakani peke yake. Mama akachukua jembe, akaenda. Nikamfuata. Aliingia akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, akaanza kung'oa magugu kwenye yale makaburi mawili mafupi.

Baadaye shehe na wanaume walikuja kusoma dua, na watu wakaanza kupita pale kwenda kisimani. Ni akina nani waliolala pale, hakuna ajuaye hadi leo. Bibi Atija aliendelea kupafyeka kila mwaka. Nilimuuliza kwa nini anajichosha, wakati hata hajui kama ni watu wake.

"Kama si wangu, ni wa mwingine," akasema. "Na wangu, huko walikolala, labda yupo mtu anafyeka."

Nilimhurumia. Nilidhani ameshindwa kupata alichokitafuta na sasa anajifariji. Nilimwona pia kuwa mwanamke asiyeogopa kitu. Nilipokuwa mama mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba aliogopa, tena sana, tangu utotoni mwake. Aliogopa kwamba mahali fulani kando ya Ruvuma kuna watoto wenye ndoo kichwani, wanaolikimbia kaburi la mama yake.