Ng'ombe wa Pango la Noeli

Harufu ya udongo wa bondeni, mvua za kwanza zinapougusa, hunifikia hata nikiwa hapa mjini Mpanda nimefunga madirisha. Ni harufu nzito, tamu kidogo, kama ya chungu kipya kilichotiwa maji. Ikinijia, naiona Usevya, kijiji changu cha utotoni: majaruba ya mpunga yaliyojaa mawingu, ukungu ukitambaa juu ya maji, na ng'ombe wakipita ndani yake hadi ukaona pembe tu, zikielea polepole kuelekea malishoni.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi nilikuwa na miaka kumi. Paa la kanisa letu lilikuwa limevuja, na wanyama wa plasta waliopangwa kila Noeli kwenye pango la Mtoto Yesu wakamumunyuka kama sukari. "Nyie watoto mtatufinyangia wengine," katekista alitangaza baada ya ibada, kisha akanigeukia. "Wewe utatuletea ng'ombe. Mikono yako ni myepesi." Nilirudi nyumbani kama ninayetembea juu ya pamba.

Kila jioni nilikaa barazani na donge langu la udongo, na kila jioni, kabla giza halijaingia, nilimbonyeza ng'ombe wangu akarudi kuwa donge. Mara shingo ni nene, mara mguu mmoja mfupi, mara macho niliyoyatoboa kwa kijiti hayatazami popote. Kichwani mwangu alikuwepo ng'ombe mwingine, amesimama kwenye ukungu, hana doa. Na kila niliyemfinyanga nilimwona kama tusi kwake. "Umemvunja tena?" mama aliuliza, ungo wa mchele mapajani. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Naye akanijibu bila kuinua macho, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu."

Aliyekaa karibu nami siku zile alikuwa rafiki yangu Nkwimba, binti wa wafugaji Wasukuma waliohamia kijijini kwetu na mifugo yao. Alikuwa na kicheko cha chini chini na vidole vinavyonuka maziwa. "Huyu naye ana kosa gani?" aliniuliza jioni moja. Nikamwambia pembe hazilingani. "Ng'ombe wetu Mabala pembe yake moja imelala mpaka shavuni," akasema. "Maziwa yake si unayanywa?" Nilikasirika nikachukua ndoo, nikaenda kisimani. Niliporudi aliniambia ameshanisaidia kumbonyeza, nami nikashukuru.

Kisha mvua zikashika. Zilinyesha mchana kutwa, laini, bila ngurumo, kana kwamba mbingu ilikuwa imelala na kusahau kuzifunga. Udongo ukakataa kukauka. Mkesha wa Noeli ulinikuta na donge bichi mkononi, na nikalia peke yangu jikoni, kwa sababu wenzangu walikwisha kupeleka punda na kondoo wao. Hapo ndipo Nkwimba alipoingia, amelowa chapachapa, amebeba kitu ndani ya kanga. Alikuwa ng'ombe wangu, yule wa pembe zisizolingana. Kumbe hakumbonyeza, alimkausha juu ya meko yao. Moshi ulikuwa umemtia weusi, na sikio moja lilikuwa limedondoka.

"Umeniibia!" nilipiga kelele.

"Nimemwokoa," alisema. "Ungemuua na huyu."

Nilinyoosha mkono nimvunje. Mama akawahi. Alimweka kiganjani, akamtazama kwa muda mrefu, akasema taratibu, "Kizuri hakikosi ila." Kisha akajifunika gunia la nailoni kichwani, akampeleka kanisani mwenyewe.

Asubuhi ya Noeli niliketi nimeinamisha kichwa, nikisubiri kucheka kwa watu. Nikasikia miguu midogo sakafuni. Mtoto ambaye bado alikuwa anajifunza kutembea alikuwa amemponyoka mama yake. Akafika pangoni, akawapita malaika na nyota ya karatasi, akachomoa nyasi kutoka kwenye hori, akamwekea ng'ombe wangu mdomoni. "Kula," alimwambia. Wimbo ukalegea kwa tabasamu za watu. Mimi nikahisi kitu kimefunguka kifuani, kama fundo la kamba iliyolowa. Yule hakuwa wangu tena. Nilitoka nje nikamkuta Nkwimba chini ya upenu, maana kwao hawakuwa Wakristo na aliona haya kuingia. "Wamemcheka?" akauliza. "Wamemlisha," nikamjibu, tukashikana mikono.

Baadaye familia yao ilihama na ng'ombe wao kutafuta malisho, na sikumwona tena. Mimi sasa naishi Misunkumilo, hapa Mpanda, na kazi yangu ni kuchora kuta za shule za watoto wadogo. Siku hizi vishawishi vya kufuta na kuanza upya vimezidi: simu hunionyesha kazi za dunia nzima kabla sijachovya brashi, na rangi nyeupe ya kufutia ipo dukani wakati wowote. Wiki iliyopita nilichora kiboko, mdomo ukatoka mpana kupita kiasi. Nilisimama mbele yake hadi jua likahama ukutani. Mwalimu akapita, akaniuliza, "Umemaliza, dada?"

Nikafunika makopo ya rangi. "Ndiyo," nikasema, "nimemaliza."