Nilimwona Akipotea Njia, Nikanyamaza

Admin, naomba ufiche jina langu, maana huku Busia tunajuana. Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili, na nauza vitenge upande wa Uganda. Nina kitu kimenikaa kifuani miezi miwili sasa, hata mume wangu hajui.

Mimi hukimbia. Nilianza kwa ajili ya kupunguza mwili baada ya kujifungua, nikakutana na Athieno (si jina lake halisi), binti wa wakulima wa Tororo. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mwalimu, mzee mstaafu anayefundisha wasichana mbio bila malipo. Watu walinicheka nikikimbia na hijabu, Athieno akawa anawajibu kwa niaba yangu. Tulikuwa kama ndugu.

Basi zikaja mbio za porini, kilomita arobaini na mbili, kupitia mashamba, vilima na kinamasi cha mafunjo. Njia ilionyeshwa kwa utepe mwekundu. Wakuu wa timu moja kubwa walikuja kutafuta mwanamke mmoja wa kumwajiri. Mmoja tu.

Kilomita ya thelathini, Athieno alikuwa mbele yangu hatua kama mia moja, nyuma yetu hakuna mtu. Tukafika njia panda. Utepe ulikuwa umeanguka, umenasa chini kwenye majani ya njia ya kulia. Athieno hakuuona, kwa sababu wakati huo aligeuka kunitazama. Akashika kushoto, kuelekea kinamasi.

Nilifungua mdomo nimwite. Wallahi sauti ilikuwepo. Nikaufunga, nikashika kulia.

Mbele kidogo kulikuwa na kituo cha maji, na msimamizi wake alikuwa Mwalimu, ameinama akijaza vikombe. Akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi? Yeye ndiye alikuwa mbele."

Nikamwambia, "Amepita, Mwalimu. Hakutaka maji."

Akaniangalia, akaandika kwenye daftari lake. Nikaendelea kukimbia. Nilimaliza wa kwanza. Watu walinibeba juu huku macho yangu yakiwa njiani, nikiomba atokee. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Mwalimu alikuwa anasema amepita, kwa hiyo walimtafuta mbele, kumbe yuko nyuma. Alipatikana karibu saa kumi na moja jioni na akina mama wanaokata mafunjo, mguu umevunjika, amezama tope hadi kiunoni, sauti imekauka kwa kupiga kelele.

Daktari amesema mguu ulichelewa kutibiwa; atatembea, ila mbio asahau.

Waandaaji walituita. Mwalimu akasema, "Huyu binti ndiye aliniambia amepita." Wote wakanigeukia. Nikasema, "Sikumwambia hivyo. Labda Mwalimu alisikia vibaya." Yule mzee hakubisha. Alivua kofia yake, akaishika mapajani.

Tangu siku hiyo wazazi wamewatoa mabinti zao kwake. Wanasema ni mzembe, anaweza kuua watoto wa watu. Uwanja uliokuwa na wasichana zaidi ya ishirini, sasa anazunguka peke yake asubuhi. Mimi timu imenichukua, naripoti mwezi ujao.

Juzi Athieno alikuja nyumbani na magongo. Akaniuliza, "Dada, we ulikuwa nyuma yangu. Uliniona nikikata kona?"

Nikasema, "Hapana, nilikuwa natazama chini, sikuona."

Akalia. Akasema, "Basi Mwalimu ndiye ameniulia mguu, halafu anakusingizia wewe. Nakwenda kusema mbele ya watu wote."

Jumamosi hii kuna mkutano wa wazazi. Athieno atasimama kumshtaki Mwalimu, na ameniomba nikae karibu naye nimshike mkono, kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu.

Nikisema ukweli, nampoteza yeye, kazi, na heshima ya nyumba yangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemshika mkono huku akimzika mzee asiye na kosa. Nitukaneni mkitaka, nastahili. Lakini mkimaliza, jamani, niambieni: Jumamosi nikiwa pale mbele, nifanyeje?