Darasa la Mwenyekiti

Kwa miaka mitatu nilikuwa katibu wa mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani. Hiyo ilikuwa Louisville, Marekani, nilipokuwa nikifungasha mizigo ghalani wiki nzima, kisha Jumamosi navaa koti na kujiona kiongozi. Sisi Wakongo tuliotoka Kivu tulikuwa na umoja wenye matawi matatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Kila tawi lilikuwa na darasa la Jumamosi la kuwafundisha watoto wetu kusoma na kuandika Kiswahili, pamoja na mfuko wa kusaidiana kwenye misiba.

Mwenyekiti wetu alichaguliwa kwa makofi. Mchungaji wa kanisa tulimokutania aliuliza nani anampinga, ukumbi ukanyamaza, mambo yakaisha. Makamu wake alikuwa shemeji yake na mweka hazina alikuwa mkewe. Mwalimu alikuwa binamu yake, bwana mpole aliyewawekea watoto katuni kwenye televisheni ya kanisa huku yeye akisinzia. Kila baada ya miezi michache tulitakiwa kupeleka ripoti kwa matawi mengine. Mwenyekiti aliniambia niandike kwamba watoto wanaendelea vizuri. Nikamuuliza vizuri kiasi gani. Akafikiri kidogo, akasema niandike vizuri sana.

Nikaandika. Sikuwa nimemsikia mtoto hata mmoja akisoma, na binti yangu mwenyewe alikuwa humo humo.

Mfuko nao uliongozwa kwa akili hiyo hiyo. Jirani yangu alipofiwa na mama yake, tulikuta mwenyekiti amesafiri kwenda harusini Nairobi, na bila yeye hakuna aliyeweza kutoa hata senti benki. Familia ile ikapitishiwa kikapu kanisani kana kwamba haikuwahi kuchanga. Aliporudi alitoa hotuba ndefu juu ya mshikamano. Tulimpigia makofi, nami nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa kuwa nilikaa safu ya mbele.

Baadaye mke wangu alipata kazi ya kutunza wazee Buffalo, tukahama. Jumamosi ya kwanza nilimpeleka binti yangu, wakati huo ana miaka kumi, kwenye darasa la huko, chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vyakula Grant Street. Mwalimu alikuwa mama aliyefundisha shule ya msingi Uvira kwa miaka mingi, ambaye sasa anafanya kazi kiwandani. Alimpa binti yangu kitabu. Mtoto aliutazama ukurasa, akanigeukia na kuniambia kwa Kiingereza kwamba hajui lolote hapo.

Mwalimu akaniuliza amesoma wapi. Nikamwambia Louisville, miaka miwili.

"Bon," akasema, "basi tutaanza na a, e, i."

Hakucheka. Angecheka ningekasirika, nikapata pa kujificha.

Buffalo hapakuwa na mtu wa kuabudiwa. Wazazi wawili walikaa nyuma ya darasa kwa zamu, na kila mwezi walimwambia mwalimu usoni walichokiona. Mwalimu aliyemtangulia, bwana mmoja mwenye shahada mbili, alishukuriwa na kuondolewa kwa sababu alichelewa kila Jumamosi. Mfuko ulishikwa na watu watatu wasio ndugu, na hesabu yake ilibandikwa ukutani ambapo hata mtoto angeweza kuisoma. Mwanzoni nilidharau mambo hayo. Niliyaona kama umbeya uliopewa kiti. Kisha, kabla mwaka haujaisha, binti yangu alimsomea bibi yake Zaburi kwenye simu, polepole, bila kusaidiwa, na mama yangu kule Bukavu akamwomba aisome tena tangu mwanzo.

Mwaka huo mkutano mkuu ulifanyika Columbus. Mwenyekiti wa Louisville sasa alitaka kuongoza matawi yote matatu, na kama ushahidi wa kazi yake alisoma ripoti za darasa lake. Nilizitambua sentensi zangu. Hata lile neno "maendeleo ya kuridhisha", nililokuwa nimelionea fahari, alilitamka kwa sauti ya ibada. Mwalimu wetu wa Buffalo alisimama akaomba mtoto mmoja kutoka kila mji asome ukurasa mmoja. Mwenyekiti akajibu kwamba si heshima kuwatahini watoto mbele ya wageni. Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Nikasimama. 

"Ripoti hizo niliziandika mimi," nikasema. "Sikuwahi kuwasikiliza watoto hao. Papa mwenyekiti aliniambia niandike vizuri sana, nami nikaandika."

Yeye hakukasirika. Alitabasamu kama mzazi aliyezoea utundu. "Donc, kwa hiyo ndugu yetu anakiri kwamba yeye ndiye mwongo," akasema, na ukumbi ukacheka. Kibaya zaidi, alikuwa amesema nusu ya ukweli. Dakika kumi baadaye walimchagua, kwa makofi.

Buffalo ilijitoa kwenye umoja kabla ya chakula cha mchana. Tulirudi kwa magari mawili, mwalimu akiwa kwenye gari langu, akisahihisha madaftari mapajani. Hakunisifu, wala sikustahili sifa: nilisema kweli baada ya kuhama, nikiwa mbali na yule bwana na sihitaji tena lile koti la uongozi.

Wazazi wanne wa Louisville wamenipigia tangu hapo, wakitaka watoto wao wafundishwe kwa video. Mwalimu amekubali, kwa sharti kwamba kila mzazi akae karibu na mtoto wake na kusikiliza. Wawili wamekubali. Wawili wamesema hawana muda, ingawa Jumapili nawaona kwenye picha za mwenyekiti, wamesimama nyuma yake wamevaa suti.