Uwanja Juu ya Meza ya Chakula

Reuben Nyakundi hakuwahi kuona mchezo wa besiboli hata siku moja, lakini kufikia mwaka 2016 alikuwa amechonga viti elfu nne na ushee vya uwanja wa mchezo huo, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Aliajiriwa awe dereva. Haya ya viti yalianza pale bosi wake, mhandisi mstaafu wa mtaa wa Al-Baghdadiyah, Jeddah, aliposikia kwamba dereva wake ametoka Tabaka, huko Kisii, ambako watu huchonga mawe tangu utotoni.

Mzee huyo, ambaye Reuben alimwita baba, alisomea Marekani ujanani, na uwanja alioupenda huko ulikwisha kubomolewa. Sasa aliujenga upya kwa vijiti na gundi juu ya meza ya chakula ya watu kumi na wawili. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe walihamia Riyadh, na mikono yake ilitetemeka. Basi yeye akashika picha za zamani, Reuben akashika kisu.

Kazi yenyewe Reuben aliipenda kweli. Kilichomkosesha raha ni likizo. Alimwacha bintiye Kemunto akiwa na miezi minne. Sasa mtoto ana miaka mitatu, na mama yake, Zipporah, akimpa simu, mtoto anamwita babake "anko". Bila kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, kutoa ruhusa, Reuben haendi popote, na baba alikuwa ameahidi: uwanja ukiisha, utakwenda nyumbani miezi miwili.

Ukaisha mwezi wa pili. Baba akakumbuka taa. Taa zikasimama, akakumbuka ngazi za nyuma, kisha mifereji ya paa, ambayo hakuna mgeni angeiona hata akiinama. Reuben akawa hatulii. Akimpeleka mzee hospitali, aligongagonga usukani kwenye kila taa nyekundu, na mezani akichonga, alijikata. Moyoni alimtukana mzee, akamhurumia, halafu akamtukana tena.

Mwezi wa saba, ubao wa matokeo ulipokwisha kupakwa rangi, baba aliizunguka meza mara mbili, akasema sasa panahitajika watazamaji. Mia tano hivi, walioketi.

Reuben akaweka kisu chini.

"Baba, watu wameenda kwao," alisema. "Tazama ubao. Uliniambia mchezo una vipindi tisa. Kwenye picha yako vyote vimejazwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyeviandika. Mechi imeisha."

Hofu ikamshika papo hapo, kwa maana hakuwahi kumjibu kafili wake hivyo. Lakini baba hakufoka. Aliuinamia ubao, miwani karibu iguse rangi. Kisha akaketi, akavuta kompyuta, akafungua ukurasa wa ruhusa za kusafiri, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Reuben alisoma kutoka nyuma yake, akadhani mzee amekosea.

"Hiyo si ruhusa ya likizo, baba. Hiyo ni ya kutoka kabisa, bila kurudi. Mimi nitarudi. Kazi naitaka."

"Najua," baba akasema bila kugeuka. "Ukirudi nitatafuta kitu kingine kisichoisha. Najijua. Nenda kwa mtoto wako, Reuben. Halas, imekwisha."

Akabonyeza. Reuben alisimama pale, asijue amshukuru mzee au amsihi afute.