Kijani cha Asukile

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeulalia mlima Loleza, na Mrisho Matano amechuchumaa ubavuni mwa gari dogo aina ya Morris, kiganja chake kimetulia juu ya mlango. Anaugusa kama mama anavyopima homa ya mtoto.

"Bado la baridi," anasema. "Tuanze."

Wenzake wa kazi za mikono wangekuwa bado wanajikunyata motoni, maana baridi ya Mbeya mwezi wa saba haina masihara. Mrisho anaitaka baridi hiyo. "Jua likishachoma bati, dawa yangu inakauka kabla haijafanya kazi," anaeleza bila kuinua macho. "Mpaka jua lifike pale kwenye migomba, basi. Kutoka hapo mimi ni mtu wa kunywa chai na kupiga soga."

Gari lenyewe lilitengenezwa mwaka 1938 na siku zake lilikuwa la kijani. Leo ukiliuliza rangi yake litakujibu majivu. Ukipitisha kidole juu ya paa, kidole kinatoka na unga mweupe, kana kwamba umeshika ubao wa shule.

Mrisho ana miaka arobaini na minane. Ni mzaliwa wa Iringa mjini, babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, na nyumba yake iko Kihesa, mtaa wa mji huohuo. Kazi yake ni kurudisha rangi ya magari yaliyopauka, na huifanya nyumbani kwa mwenye gari. "Magari ninayoitiwa mimi mengi hayatembei," anasema. "Sasa nani atalibeba alilete Kihesa?"

Safari hii ameitwa na Mama Damari, mjane anayelima viazi na ngano kwenye miteremko ya nje ya mji wa Mbeya. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Asukile, aliyekuwa dereva kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, kisha akalinunua kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Ndilo lililopeleka wagonjwa wa kijiji hiki hospitali na mabibi harusi kanisani. Asukile alipofariki, miaka miwili iliyopita, liliachwa uani likapigwa na jua na mvua.

Sasa mtoto wake mkubwa, Eliezeri, anataka lifanye kazi ya teksi. Hilo mama analiafiki. Ila Eliezeri anataka lipigwe rangi nyeusi, na tayari amekubaliana na fundi wa mjini alipeleke Jumatatu.

"Gari la majivu halisimamishwi na mtu," Eliezeri anasema, na kwa kweli hakosei. "Mimi sina ugomvi na baba. Rangi imekufa."

Mama Damari hakutaka kusikia habari ya nyeusi. "Nilimwona mzee akija na kijani barabarani, toka kule chini, miaka yote," anasema. "Nikiona nyeusi inapanda, nitajua ni nani huyo?" Wakakubaliana, mama na mwana, kwamba kama kijani hakijarudi mpaka Jumapili baada ya ibada, nyeusi itapita juu yake. Ndipo ukatumwa ujumbe Kihesa.

Kabla Mrisho hajafika, wema ulikuwa umeshatangulia. Akina mama wa kanisani, waliposikia shida ya mwenzao, walikuja na ndoo, mchanga wa mtoni na magunzi, wakalisugua boneti kama wanavyosugua sufuria zao. Na sufuria za akina mama hawa zinajulikana, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Walipomaliza, boneti lilikuwa limechanjwa kila upande.

"Tulitaka kumfurahisha," anasema Matilda, aliyeongoza kikosi hicho, na bado anaona haya. "Sufuria inapenda mchanga. Nani alijua gari halipendi?"

Mrisho alipitisha kidole juu ya michanjo. Kisha akaomba bakuli.

Dawa yake hainunuliwi dukani. Ni lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, ambalo akina mama wa Tukuyu huuza sokoni. Analitwanga, analichekecha kwa kitambaa cha melimeli, anakoroga unga wake ndani ya maji, kisha anasubiri kidogo na kumimina maji yale machafu kwenye chombo kingine. "Kinachozama upesi namwachia mwenye visigino," anasema. "Kinachochelewa kuzama ndicho changu."

Alijifunza kazi hii kwenye karakana ya samani Iringa, alipokuwa kijana wa kung'arisha meza. Wakati wa vita vya Hitler rangi mpya haikuletwa, na wenye magari walianza kuuliza kama mkono uliozoea meza hauwezi kujaribu mlango. Ukajaribu. Siku hizi gari moja humpa shilingi arobaini, ingawa masika hupita asiitwe na mtu, akarudi kwenye meza zake.

Alhamisi hiyo anaanza na mlango wa kushoto. Flanani iliyolowa inakwenda mbele na kurudi, mstari ulionyooka, bila nguvu. Mama Damari amesimama pembeni na khanga mabegani. Mara anaona flanani imegeuka kijani kibichi.

"Baba, unaimaliza," anasema. "Si hiyo rangi yenyewe unaitoa?"

"Hii ni iliyokufa, mama. Nzima iko chini yake." Mrisho anafuta mahali padogo, pa ukubwa wa kiganja, kwa kitambaa kikavu, na kusogea kando.

Pale katikati ya majivu pana kijani cha majani ya chai baada ya mvua. Mama Damari anainama kukitazama, na ndani yake anauona uso wake mwenyewe. Kisha anakwenda kuinjika chai.

Ijumaa Mrisho anamaliza milango na paa, anashuka mjini msikitini, anarudi jioni. Jumamosi ndiyo siku ya boneti, na hapo hata mtani kama yeye anaacha utani. Rangi ya kiwandani si nene. Kila mchanjo wa mchanga ukitaka kuufuta, lazima ushushe rangi yote iliyouzunguka, na haijulikani imebaki kiasi gani. Kijani cha namna hii hakipo Mbeya wala Iringa. Kikitoboka juu ya boneti, Eliezeri atakuwa na haki ya kwenda mjini.

Anasugua, anafuta, anainamisha kichwa kutazama kwa ubavu, anasugua tena. Michanjo inafifia. Akiwa kwenye tuta la katikati ya boneti, anaona mstari mwekundu mwembamba kama uzi. Ni rangi ya chini inachungulia.

Mkono wake unasimama papo hapo. Bado michanjo miwili ya akina mama inaonekana pale. Anaitazama kwa muda, anaiweka flanani kwenye ndoo. "Inatosha," anasema. "Nikiifuata michanjo hii miwili, nitaikosa rangi yote." Matilda, aliyekuwa anamenya viazi karibu, anashusha pumzi kwa sauti.

Inabaki nta. Ni ya nyuki, aliyoiyeyusha na tapentaini kidogo. Lakini kabla ya nta Mrisho ana jambo moja. Juu ya mlango wa dereva, chini ya dirisha, pana upara. Rangi imeisha kabisa, bati jeupe linang'aa, pa urefu wa mkono wa mtoto. Ametafuta rangi za kopo, amezichanganya hadi zimekikaribia kijani, na brashi anayo mkononi.

"Hapo usiguse, baba," anasema Mama Damari.

Mrisho anadhani hakueleweka. Anamwonyesha brashi, anamwambia kazi yenyewe ni ndogo.

"Hapo ndipo mzee alipokuwa anaweka kiwiko," anasema mama. "Tabia aliyotoka nayo Lupa, kiwiko dirishani. Jua halikukula hapo. Alikula yeye."

Mrisho anakiri kwamba ilimuuma, "iliniuma kweli," anasema, kwa kuwa tangu siku za meza hajawahi kumkabidhi mtu kazi yenye upara. Lakini aliiweka brashi chini. Akapaka nta juu ya bati lile tupu, mara tatu, lisishike kutu.

Jumapili Eliezeri anafika kutoka kanisani amevaa suti. Analizunguka gari. Anaiona michanjo miwili kwenye boneti, anaigusa. Kisha anafungua mlango wa dereva, anaketi, anateremsha kioo, anashika usukani. Na mkono wake wa kulia, bila yeye kuutuma, unapanda dirishani na kukaa juu ya upara.

Anautazama mkono wake. Mama Damari naye anautazama, na machozi yanamtoka bila kuyaficha.

"Mama," anasema Eliezeri, "kesho siendi mjini."

"Ndaga, mwanangu," mama anamshukuru kwa Kinyakyusa. Kisha anamgeukia fundi. "Ndaga, baba."

Mrisho anakunja flanani zake na kusubiri basi la Iringa. Ana mpango, anasema, wa kuwa na gari lake. Jipya halitaki, litamkosesha kazi. Anataka lililochoka, lililopauka kabisa, na lipo moja nyuma ya ghala huko Kihesa ambalo amekuwa akipita kulisalimia.

"Nitalirudishia rangi kila mahali," anasema. "Lakini mlango wa dereva sitauhangaikia sana. Naanza kuweka kiwiko siku ileile."