Transista Nilizozikata Miguu

Mimi si msemaji. Shuleni, mpaka namaliza la saba, niliomba kila siku mwalimu asinitazame. Nadhani ndiyo maana niliposema neno moja sokoni, watu waliliamini. Walijua siongei ovyo.

Natengeneza redio hapa Tunduma, karibu na maegesho ya malori. Nilianza na amplifaya za muziki, za kanisani na za harusini. Baadaye madereva wakaanza kuniletea redio wanazoongelea lori kwa lori. Mmoja akaleta kile kisanduku kinachoongeza nguvu ya redio ili sauti ifike mbali. Transista yake, kile kipuri kidogo cha miguu mitatu kinachokuza nguvu, ilikuwa imeungua. Akavuka mpaka kwa miguu, akanunua tatu kwa mama anayeuza vipuri mezani upande wa Zambia.

Nilifunga ya kwanza nikapima kwa osiloskopu, mashine inayochora mawimbi kwenye kioo. Wimbi likiwa refu, nguvu ipo. Langu lilikuwa fupi kama nyasi iliyoliwa na mbuzi. Nikafunga ya pili. Ya tatu. Zote sawa.

"Ni feki," nilimwambia dereva.

Alinishika mkono tukavuka wote. Mbele ya meza ya yule mama palikuwa na madereva wengine, wanasubiri foleni ya malori isogee.

"Mama, umeniuzia mbegu za maboga," dereva alisema. "Muulize fundi."

Mama aliniangalia. Anaongea Kinamwanga kama mama yangu, na Kiswahili chake kina lafudhi ileile.

"Mwanangu, umepima?"

"Nimepima. Ni feki."

Hakubisha. Alichukua kopo lenye transista nyingine kama zile, akalimwaga mezani. Zilikuwa kumi na moja. Mafundi wa huku kifaa feki hukikata miguu, ili kisiuzwe tena. Akanipa koleo.

"Kata. Sitaki mtoto wa mtu auziwe uchafu kwangu."

Nikakata zote, miguu mitatu mitatu, hadi kwenye shina. Madereva walitazama. Mmoja alisema kwa sauti kwamba kuanzia leo vipuri atanunua Mbeya. Nilijiona fundi kwelikweli siku ile, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Wiki iliyofuata nililetewa kisanduku kingine cha aina ileile, kizima, kimevunjika swichi tu. Mwenyewe alikuwa ameongea nacho asubuhi hiyohiyo. Nikakipima kwa kutaka kujua. Wimbi fupi vilevile.

Nilikaa nikaitazama waya ya kupimia. Kwenye shingo yake kuna kiswichi kidogo, moja au kumi. Changu kilikuwa kwenye moja tangu nilipoinunua. Kwenye amplifaya za muziki hakikunidhuru. Lakini mawimbi ya redio yana kasi kubwa mno. Kwenye moja, waya yenyewe inalemea saketi na kuyala mawimbi kabla hayajafika kwenye kioo. Nikasogeza kwenye kumi, nikaiambia na mashine ihesabu kwa kumi. Wimbi likasimama. Kati ya zile tatu za dereva, moja ilikuwa imebaki mezani kwangu. Niliifunga kwenye kisanduku hicho. Wimbi likasimama vilevile.

Nilichelewa siku nne kwenda. Kila asubuhi nilijipa kazi nyingine.

Nilipofika sikumkuta na mtu. Nilishukuru, kisha nikaona aibu kwa kushukuru. Nikamweleza polepole kwamba transista zake zilikuwa nzima, mimi ndiye niliyekosea kupima.

"Zote kumi na moja?"

"Zote, mama."

Alifuta meza kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Wale waliokusikia wako wapi?"

Wengine walikuwa wamefika Kitwe, wengine Dar es Salaam.

"Tangu siku ile dereva akisimama hapa, mwenzake anamvuta," alisema. "Mimi nawaambia nini? Fundi aliyesema ni wewe."

Nikamwomba kipande cha boksi na kalamu nene. Mimi huandika taratibu, herufi mojamoja, na yeye alisubiri. Niliandika: TRANSISTA ZA MAMA HUYU NI NZIMA. FUNDI ALIYESEMA NI FEKI ALIKOSEA KUPIMA.

Akanitaka nimsomee. Nikasoma kwa sauti ndogo.

"Fundi gani?"

"Mama?"

"Fundi wako wengi Tunduma. Hapa imeandikwa fundi tu. Unataka wamdhanie nani?"

Madereva wawili walikuwa wameshasogea, wanasoma. Mmoja alinitazama mkononi, akaiona kalamu. Nikainama tena mezani nikaandika jina langu, la baba yangu, na mahali kibanda changu kilipo. Mama akakiegemeza kile kipande kwenye kopo, kikitazama barabara, akawageukia madereva.

"Karibuni," aliwaambia. "Someni kwanza."